Jua la Kwenye Chupa

Mabaka ya Nasma hayakuwa na adabu. Yaliweza kuzuka wakati anampa mgeni maji, yakapanda kutoka kiunoni mpaka shingoni, mapana, yamevimba, yanawasha kama amejipangusa na upupu. Baada ya saa chache yanapotea bila kuaga na ngozi inabaki laini, hata ukimsimulia mtu ambaye hakuyaona atadhani unajidekeza. Kesho yake yanazuka kwingine. Ilikuwa hivyo tangu alipohamia Kibiti, na kila aliyemwona akijikuna alikuwa na dawa yake ya kupendekeza.

Aliambiwa aache kamba, akaacha. Akaambiwa ni samaki wote, si kamba tu, akaacha samaki, yeye mtu wa Rufiji! Wakafuata mayai, karanga, embe, mwisho hata nazi. Siku moja alikaa mbele ya sahani ya ugali na mchicha uliochemshwa kwa chumvi tupu, anakula chakula cha mfungwa, na mabaka yanampanda mikononi palepale. Alitamani kuirusha sahani ukutani. Aliogeshwa majani ya mwarobaini mpaka jasho lake likanuka uchungu. Akapakwa liwa ya kupoza ngozi. Mganga mmoja kutoka upande wa Mbwara akasema ni jini wa mtoni, anataka kuku mweupe. Kuku akachinjwa, akaliwa, na mtu pekee aliyepata nafuu siku hiyo ni mganga. Vidonge vya Piritoni vilimtuliza kidogo lakini vilimlaza mchana kutwa, mdomo wazi, na hilo lilimtia aibu kuliko kujikuna.

Kilichomkera zaidi ni kwamba alipokuwa Ndundu hakuwahi kutokwa na hata kipele.

Kabla ya daraja, magari yote ya kusini yalisimama Ndundu, ukingoni mwa mto, yakingoja pantoni ya kuyavusha. Nasma alikuwa na genge lake pale, miti minne na makuti yaliyotoboka, jua linamchoma kisogo tangu asubuhi, na vitumbua vyake vilijulikana mpaka Lindi. Madereva walimwita Mama Vitumbua, na wengine hawakujua kama ana jina jingine. Mshamu, mumewe, wakati huo alikuwa mbeba magunia ya watu. Kisha daraja likafunguliwa. Watu walipiga vigelegele, Nasma naye alipiga, na haukupita muda mabasi yakawa yanapita mbio bila hata kupunguza mwendo. Vitumbua vikalala kwenye sinia.

"Tuhamie Ikwiriri," alimwambia mumewe. "Nikae pale stendi. Wasafiri si walewale?"

Lakini Mshamu naye alikuwa amefunguliwa njia. Biashara ilikuwa huria, kila mwenye mizani na mdomo mzuri alikwenda vijijini kununua ufuta akaupeleka Dar es Salaam, na mdomo Mshamu alikuwa nao. Akapata. Akajenga Kibiti, kando ya barabara kuu, nyumba ya matofali yenye madirisha madogo ya mbao. Uani, ambako nyumba za wenzake zina anga, yeye akaezeka bati kutoka ukuta hadi ukuta ili magunia ya ufuta yasinyeshewe. Siku ya kuingia alimwambia mkewe, kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi, "Mama Rukaya, umechomwa na jua vya kutosha. Kuanzia leo weye ni mke wa ndani."

Tusimcheke Mshamu. Mama yake alilima mpunga bondeni mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Tangu utoto, mwanamke aliyetulia nyumbani akaletewa kila kitu mlangoni, kwake yeye ndiye alama ya mume mwenye uwezo. Dini hakuisingizia. Alisema tu, "Mke wangu haungui jua," na aliposema hivyo sauti ililegea kidogo, kwa sababu alikuwa anamkumbuka mama yake. Basi maji akawa analeta Tabu, dada yake Mshamu, aliyekaa nyumba ya pili. Sokoni anakwenda Tabu. Rukaya, binti yao wa pekee, alikwisha kuolewa Ikwiriri. Nasma akitoka ni msibani au harusini, jioni, kajifunika gubigubi. Mwanzoni alipumzika. Kisha akachoka kupumzika.

Na hapo ndipo mabaka yalipoanza, ingawa yeye hakuyaunganisha na hilo, wala hakuna aliyemwambia ayaunganishe.

Mwisho Mshamu alimpeleka Dar es Salaam kwa daktari wa ngozi, mwanamke mwenye sauti ya upole na macho ya kuchoka. Daktari alimtazama Nasma akamuuliza, "Mama, mchana huwa unakaa wapi?"

"Ndani," Mshamu akajibu, kifua mbele. "Hatoki."

"Na jua?"

"Jua alione wapi, daktari? Kila kitu nimemwekea."

Daktari hakutabasamu. Alimtoa Nasma damu, na majibu yalipokuwa tayari akawaita tena, akaongea taratibu. "Nisiwadanganye. Mabaka ya namna hii, mara nyingi chanzo chake hatukijui. Lakini vitamini D ya mama iko chini sana. Ngozi ikipata jua, mwili huitengeneza wenyewe. Wapo wagonjwa kama yeye ambao tukiwapa vitamini hiyo wanapata nafuu, na wapo wasiopata. Siwaahidi. Atumie vidonge hivi, aendelee na dawa ya muwasho, na apate jua la asubuhi kidogo kila siku, uso na mikono wazi."

Kwa maneno hayohayo, mume na mke walitoka na vitu viwili tofauti. Mshamu alisikia vidonge. Nasma alisikia jua.

Ndani ya basi la kurudi, Nasma alikaa dirishani na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko siku nyingi. Alishapanga kila kitu. Meza ndogo mbele ya nyumba, jiko, na kile kikaango chake chenye vishimo, ambacho kilikuwa kinaota kutu chini ya kitanda. Si biashara ya kutisha, asubuhi tu, kwa wapita njia. Daktari kasema. Nani atabishana na daktari?

"Baba Rukaya, kesho nitaanza kukaa nje asubuhi."

"Nje wapi?"

"Pale mbele. Nipate jua."

Mshamu akaitikisa chupa ya vidonge mbele ya pua yake. "Na hili ni nini? Wataalamu wameshalitia jua kwenye chupa, weye unataka kwenda kuungua bure. Watu watasema Mshamu kafilisika, mkewe karudi barabarani."

"Kasema vyote viwili. Vidonge na jua."

"Jua kasema kwa wale wasioweza kununua."

Daktari hakusema hivyo hata kidogo. Nasma alijua hakusema, na Mshamu, nadhani, alijua pia, lakini alikuwa amekwisha kuiweka chupa mfukoni na kufumba macho. Nasma akafura. Aligeukia dirisha mpaka wanashuka Kibiti.

Tabu alipoelezwa habari ile alicheka mpaka akakaa chini. "Rufiji hii! Jua linakausha mpunga, linakausha nguo, linakausha mpaka mate ya mtu, ati linanunuliwa duka la dawa! Wifi, na mie nitafute chupa niuze." Nasma naye alicheka, akacheka sana, kisha akaona machozi yanamtoka ya hasira, kwa kuwa hakukuwa na la kucheka.

Alijaribu kujisaidia. Asubuhi kipande cha jua kiliingia kwa dirisha la sebuleni, kipana kama kanga iliyokunjwa. Alivuta kigoda akakaa ndani yake. Kikamgusa mikono, kikahamia magotini, naye akakifuata na kigoda chake, kikapanda ukutani, kikaondoka. Wakati huohuo, mbele ya nyumba, Mshamu na vibarua wake walikuwa wametandaza maturubai na kuanika ufuta. Ufuta uligeuzwa, ukapepetwa, ukasogezwa pasije pakawa na kivuli. Nasma alisimama dirishani akautazama, na wivu ukamshika, wivu wa kuuonea ufuta.

"Ufuta wako unapata jua kuliko mkeo," alimwambia Mshamu alipoingia kunywa maji.

"Ufuta ni biashara, ukikaa na unyevu unaharibika."

"Na mie?"

"Weye ni mke wangu."

"Basi nitie kwenye gunia, labda utanikumbuka kuniangalia kama nimeingia unyevu."

Mshamu alicheka, akampiga begani kwa mapenzi, akarudi nje. Hilo ndilo lililomvunja Nasma nguvu: huwezi kugombana na mtu anayecheka.

Chupa ya kwanza ilipokaribia kuisha, Mshamu alikuwa vijijini na Tabu alikuwa na homa. Nasma akavaa baibui, akaenda mwenyewe duka la dawa. Mwenye duka alikuwa Hansaben, mjane wa Kihindi aliyekuja Kibiti akiwa bi harusi na sasa ana mvi. Alikaa nyuma ya kaunta, nyuma ya wavu wa chuma, kwenye giza lenye harufu ya spiriti na ubani, na taa ya umeme inawaka juu ya kichwa chake mchana wote. Aliitazama chupa tupu.

"Hizi za nani?"

"Zangu, mama. Nina mabaka."

"Na mie nakula hizihizi," Hansaben akasema, akainuka kwa shida kufuata nyingine rafuni. "Yangu ni mifupa. Daktari kaniambia, mama, wewe hujaona jua. Nikamwambia kweli. Tangu nimeolewa nimekaa hapa kaunta, na nikitoka hapa niko jikoni nyuma. Jua naliona kwa wateja, wakiingia na jasho."

"Zimekusaidia?"

"Zimenisaidia sana. Ndiyo maana sijatoka mpaka leo." Akacheka peke yake, kicheko kifupi, akaifuta chupa vumbi kwa ncha ya sari. "Zingekataa kufanya kazi, labda mwanangu angenitafutia kiti nje."

Nasma alitoka dukani na chupa mkononi. Barabara ilikuwa inang'aa kwa jua la adhuhuri. Alifunua viganja akavielekeza kwenye jua, akatembea taratibu kuliko ilivyohitajika, mpaka akaufikia mlango wake akaingia. Usiku na mchana, maneno ya yule mama hayakumtoka. Kila alipomeza kidonge aliomba dua mbili zinazopingana: nipone, na usifanye kazi.

Vidonge vikafanya kazi. Au kitu kingine kilifanya kazi, daktari mwenyewe asingeapa. Mabaka yakaanza kuchelewa, yakija ni machache na hayakai, kisha likapita juma zima bila kujikuna. Nasma akaonja nazi kwa woga, hakukuwa na kitu. Akala kamba. Alipika wali wa nazi na kamba wa kukaanga akala peke yake uani, katikati ya magunia, akalia kwa utamu. Ngozi yake ilikuwa yake tena, na alimshukuru Mungu kwa dhati.

Ila muwasho ulipoondoka uliacha mchana mrefu, na mchana huo haukuwa na kazi. Alipokuwa mgonjwa alikuwa na hoja. Sasa hoja yake ilikuwa imepona. Hakuna daktari wa kumtetea, hakuna baka la kuonyesha. Mshamu akimtazama shingo anaona mke mzima, ametulia ndani, anameremeta, na anajua ni yeye aliyemponya. Ungemwambia nini mtu kama huyo?

"Nimeagiza katoni nzima kutoka Dar," Mshamu alimwambia siku moja, akisugua mikono kwa furaha. "Hutatafuta jua maisha yako yote. Na Jumapili asubuhi tunasoma dua ya shukrani. Upike vitumbua, Mama Rukaya. Wenzangu wa ufuta hawajaonja mkono wako."

Katoni nzima! Nasma aliitikia, "Haya," akaenda kuinama chini ya kitanda kutoa kikaango, na akiwa huko chini, vumbi puani, alipiga sakafu kwa ngumi. Hakuwa na hasira na Mshamu tu. Alikuwa na hasira na vidonge, na daktari aliyesema kwa upole mno, na yeye mwenyewe aliyemwachia mume ajibu kila alichoulizwa yeye. Alikisugua kikaango kwa mchanga na limao mpaka chuma kikarudi rangi yake.

Jumapili wageni walijaa sebuleni, wanaume kwenye mikeka na shehe pembeni, wanawake uani. Majiko ya mkaa yote yalishikwa na pilau, kwa hiyo ilibidi vitumbua vipikwe kwenye jiko la chuma la kuni. Nasma alikoleza moto chini ya lile bati la Mshamu. Unga ulikuwa umeumuka vizuri, tui zito, iliki imekolea. Lakini moshi haukuwa na pa kutokea. Ulipanda, ukagonga bati, ukarudi kwa watu. Wanawake wakaanza kukohoa, mmoja akajifunika uso na kanga, mtoto akalia. Moshi ukapita mlango wa uani ukaingia sebuleni, kwenye macho ya shehe.

"Nyinyi huko!" Mshamu akapaza sauti kwa aibu. "Hebu toeni hilo jiko nje!"

Tabu alimtazama Nasma. Nasma alimtazama Tabu. Wakabeba jiko lile, mmoja huku na mmoja kule, wakapita mlango wa pembeni mpaka mbele ya nyumba, pale panapoanikwa ufuta, hatua chache tu kutoka barabarani. Tabu akarudi kuleta unga na mafuta. Nasma akakaa kwenye kigoda, akaisukuma mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, akaurudisha ushungi nyuma, na jua la saa nne likamkalia usoni. Kisha akamimina unga kwenye vishimo, na ule mlio wa mafuta, aliokuwa hajausikia hadharani tangu Ndundu, ukamfanya atabasamu bila kutaka.

Harufu haijui kukaa pembeni. Lori lililokuwa linakwenda kusini likapunguza mwendo, likasimama, dereva akachomoza kichwa.

"Mama Vitumbua! Tulidhani umekufa!"

"Sijafa. Nilikuwa Kibiti."

Dereva akashuka, na utingo wake, na mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akasimama, na watu wakaanza kuzunguka jiko. Sauti zao ziliingia ndani. Mshamu akatokea mlangoni na kanzu yake nyeupe, akaona mkewe, mikono wazi, kazungukwa na watu wa barabarani.

"Mama Rukaya. Ingia ndani."

"Mafuta yamechemka."

"Aje Tabu ageuze."

"Kugeuza sijui, kaka," Tabu akasema nyuma yake, yeye aliyelelewa akiuza vitumbua pamoja na mama yao mdogo.

Mshamu akashuka baraza, akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Watu wanatazama. Shehe yupo ndani anakuombea weye. Umeshapona! Unataka nini tena?"

Nasma aligeuza vitumbua vyote kwanza. "Nilipokuwa mgonjwa ulisema nisitoke, nitaungua. Sasa nimepona, unasema nisitoke kwa kuwa nimepona. Niambie, Baba Rukaya, natakiwa niwe vipi ndiyo nitoke?"

Mshamu alitazama wale watu, akatazama lori, akatazama maturubai ya ufuta yaliyokunjwa kando ya ukuta. Ukimtazama uso ungemwonea huruma, maana alikuwa hajui kweli.

"Na zile dawa?" akauliza mwisho. "Nimekuagizia katoni nzima."

Nasma akafungua pindo la kanga yake, akatoa kidonge cha siku ile, akakiweka kinywani na kukisukuma kwa chai iliyokuwa karibu na jiko. "Nitazinywa zote," akasema. "Nitazinywa hapahapa nje."

Mshamu akageuka, akapanda baraza, akaingia, na mlango wa mbele ukafungwa nyuma yake. Nasma alisikia komeo likisukumwa. Hakujua kama litafunguliwa mchana ule, wala jioni watazungumza vipi. Dereva, aliyeona yote, aliinamisha kichwa akala kitumbua chake.

Ndani, shehe akaanza. Sauti yake ilipita kwenye mbao za dirisha: Mola amshushie bibi wa nyumba hii rehema, amzidishie afya, amkinge na maradhi ya ngozi na ya moyo, amhifadhi chini ya paa la mumewe. Wanaume wakaitikia Amin, na sauti ya Mshamu ikasikika juu ya za wenzake.

"Amin," akasema Nasma huku nje, mgongo ameuelekeza mlangoni, akageuza kitumbua kabla hakijaungua.